Nusu maili: msitu wa Kilimanjaro ni wa nani?

Likizo ya mwezi wa sita nilimpeleka mtoto wa kaka yangu Marangu. Anasoma darasa la sita Dar es Salaam, na mlima alikuwa ameuona kwenye kalenda tu. Tulipanda Hiace stendi ya Moshi, tukapita Himo, tukashuka Marangu Mtoni na kumalizia kwa bodaboda. Kule juu, nyumba zinapoanza kuwa chache na ukungu kuwa mzito, tulipishana na bibi mmoja anateremka na mzigo wa majani mabichi kichwani, umefungwa kwa kamba ya mgomba, mundu umechomekwa katikati. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu, karibuni Marangu," akapita bila kupunguza mwendo, maana mzigo ule ukisimama nao unazidi uzito.

Tulipofika geti la hifadhi nikalipia kiingilio. Mtoto akaniuliza: "Shangazi, mbona yule bibi hakulipa?" Nikamjibu, "Yeye ni wa hapa." Jibu lilimtosha. Mimi halikunitosha, kwa sababu nimekulia kwenye mteremko huu na ninajua kwamba kuwa wa hapa hakumpi bibi yule ruhusa ya kuvuka mpaka wa hifadhi na mundu mkononi. Chini ya mpaka ule ni mama anayelisha ng'ombe wake. Juu yake, kwa majani yaleyale, anakuwa mkosaji mbele ya sheria. Wageni wengi hupita mahali hapo bila kujua kwamba wamevuka kitu chochote, nami nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu kwa yeyote anayepanga kupanda kutoka Moshi au Arusha.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kwenye maandishi mgawanyo huo unaeleweka haraka. Ukiwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro unakuta ardhi ya vijiji na ya hifadhi zimekaa kwa matabaka matatu, moja juu ya lingine, na mtu anaweza kuyapita yote kabla chai ya asubuhi haijaisha tumboni.

Tabaka la chini ni kihamba. Hili ni shamba la ukoo lenye migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, na miti mirefu iliyoachwa makusudi kwa ajili ya kivuli na mbao. Katikati yake hupita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka mtoni. Mipaka ya vihamba huonekana kwa isale, mmea uleule ambao Mchagga huupeleka kwa mwenzake anapomwomba radhi. Ng'ombe hatoki nje, hukaa bandani, na kila anachokula huletewa. Samadi yake hurudishwa kwenye migomba na kahawa. Kwa hiyo majani aliyobeba yule bibi hayaishii kwenye maziwa. Yanaishia kwenye ndizi mshare na kwenye gunia la kahawa. Ukiyakata maji au majani, kihamba chote kinadhoofu, hata kama hakuna mtu aliyegusa mgomba mmoja.

Juu ya vihamba, kwenye miteremko ya kusini na mashariki, upo ukanda ambao wenyeji wanauita nusu maili, kwa sababu upana wake ndio huo, takriban mita 800. Historia yake ni hivi. Wajerumani waliufunga msitu wa mlima wakati wa utawala wao, na Waingereza wakautangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1921. Watu wakaongezeka, vihamba vikajaa, na kila mwaka waliingia msituni kutafuta kuni, nguzo na malisho, wakakamatwa na kutozwa faini. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ikakubali hali halisi: ikatenga ukanda wa chini wa msitu kwa matumizi ya Wachagga, chini ya utawala wao wenyewe. Humo ikapandwa miti ya haraka kama mikaratusi, na wananchi wakapata kuni, majani na mbao za nyumba bila kugusa msitu mkubwa ulio juu. Ulikuwa mpango wa busara, na ninasema hivyo nikijua ulitoka kwa watawala ambao hawakutupenda. Uliweka kitu katikati ya watu na msitu.

Tabaka la juu ni Hifadhi ya Taifa, ambayo huku tunaiita KINAPA. Ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wasomaji wengi hushangaa wanaposikia kwamba hifadhi ya mwanzo haikuwa ya msitu. Ilianzia karibu mita 2,700 kwenda juu, pale miti mikubwa inapoishia, pamoja na njia chache zilizopasua msitu kuwafikisha wapandaji. Msitu wenyewe ulibaki chini ya idara ya misitu. Kisha mwaka 2005 mpaka ukashushwa. Msitu ukaingizwa hifadhini, na eneo likaongezeka kutoka takriban kilomita za mraba 756 hadi karibu 1,700. Hapo ndipo jambo lilipogusa watu, maana nusu maili nayo ikajikuta ndani ya mjadala.

Tofauti kati ya msitu wa hifadhi na hifadhi ya taifa ndiyo kiini cha mvutano. Msitu wa hifadhi unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sheria hiyo ni kali, lakini inatambua matumizi: kuna vibali na leseni, na kuna usimamizi shirikishi ambapo kijiji na serikali huandikiana nani afanye nini. Mwanakijiji anaweza kuweka mizinga ya nyuki au kuokota kuni zilizoanguka akiwa na makubaliano. Hifadhi ya taifa haina mlango huo. Kuingia tu bila kibali ni kosa, achilia mbali kukata, kulisha au kuwinda. Binadamu anakaribishwa kama mgeni anayelipa au kama mfanyakazi. Kwa hiyo siku mpaka uliposhushwa, hakuna mti uliohama, ila matendo ya kawaida ya maelfu ya wanawake yalihamishwa kutoka sheria moja kwenda nyingine.

Haki inataka niseme pia kwa nini mpaka ulishushwa, kwa sababu sababu zilikuwepo na zilikuwa nzito. Mwaka 2001 ulifanyika uchunguzi wa msitu kwa ndege, na picha zake zilitisha: miti ya asili imeangushwa kote, matanuri ya mkaa yanafuka ndani ya msitu, mashamba yamepanda hadi kwenye makorongo. Mti ulioumia zaidi ni ule wa kafuri ambao wengi Uchaggani huuita mseri. Mbao zake hazioliwi na mchwa, na kabati la mseri lilikuwa fahari ya nyumba. Mti huo huchukua vizazi kukua, na msumeno humaliza kazi kwa siku moja. Idara ya misitu, kwa uchache wa watu na magari, haikuweza kuzuia.

Na msitu huu hauwalishi Wachagga peke yao. Kwenye mteremko wa kusini, karibu mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mvua inakaribia milimita 3,000 kwa mwaka, wakati tambarare ya Moshi haipati hata theluthi ya hiyo. Theluji ya Kibo, kilele cha mlima, ndiyo inayopigwa picha, lakini maji tunayokunywa na kumwagilia yanatoka zaidi msituni kuliko kwenye barafu. Yanateremka hadi mto Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale. Mwenye taa Tanga ana hisa kwenye mseri wa Marangu.

Tena bado kuna mambo humo ambayo ndiyo kwanza dunia inayajua. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika uko kwenye bonde moja la Kilimanjaro, mita 81.5, kama jengo la ghorofa zaidi ya 20. Ulikuwa umesimama pale tangu kabla ya Wajerumani, kabla ya kahawa, na hakuna aliyekuwa ameupima. Minde, paa mweusi mnene anayejificha kwenye vichaka vya milimani, hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Tanzania, na msitu huu ni mojawapo ya makazi yake. Mgeni wa siku moja hatamwona. Atakachoona ni mbega wenye mabega meupe wakiruka kama mashuka yanayopeperuka, kima wakivunja matawi, na hondohondo wakipita juu kwa mabawa yenye kelele. Akilala kwenye kibanda cha Mandara atamsikia perere usiku. Mtoto asiyeonywa anaweza kulia, kwa jinsi mnyama mdogo kama sungura anavyopiga ukelele wa mtu anayekabwa.

Basi mpaka ulishushwa, na ukataji wa mbao ukapungua. Lakini nani aliyelipa? Hapa ndipo maelezo mengi yanayotolewa kwa watalii yanapokoma, nami ndipo ninapotaka kukaa.

Wachagga wanafaidika na hifadhi, hilo halina ubishi. Kuna waongozaji, wapishi, wapagazi ambao wenyewe hujiita wagumu, madereva, wenye hoteli. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 juu kidogo ya mji wa Moshi, kimefundisha wahifadhi wa Afrika nzima. Hata askari wengi wa hifadhi ni vijana wa vijiji vilevile. Ila hesabu faida hizo uone zinaingia mikononi mwa nani: sehemu kubwa ni wanaume, tena wenye nguvu za kubeba mzigo hadi Kibo. Kuni na majani vilikuwa kazi ya wanawake. Nusu maili ilipobanwa, mama alipoteza kitu alichokuwa akikipata bila kumwomba mtu fedha, na kijana wake akapata kazi ya msimu ambayo mshahara wake hupitia baa kabla ya kufika nyumbani, au haufiki. Siwalaumu vijana. Nasema tu kwamba familia haikubadilishana kitu kwa kitu. Mkono uliopoteza sio uliopokea.

Ndiyo maana jambo hili halijatulia. Kuna nyakati wanawake wameruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu na kukata majani, na kuna nyakati mlango umefungwa. Wabunge wa mkoa wa Kilimanjaro wamelisema bungeni wakidai nusu maili irudi mikononi mwa vijiji. Hoja ya upande wa pili ni kwamba mundu hufuatwa na panga, panga likafuatwa na msumeno. Mimi nadhani historia ya 1941 inaipinga hoja hiyo. Walioangusha miseri walikuja na malori usiku, na mama wa mundu ndiye aliyewasikia wa kwanza. Ukimfukuza yeye umefukuza mlinzi asiyelipwa.

Sasa swali ambalo wageni kutoka nje huuliza kila mara: je, Wachagga ni jamii asilia? Neno hili linahitaji uangalifu. Msimamo wa serikali yetu kwa miaka mingi ni kwamba Watanzania wote wenye asili ya Afrika ni wenyeji, kwa hiyo hakuna kabila lenye uasilia kuliko lingine. Katika sheria ya kimataifa neno hilo lina maana nyembamba zaidi. Haliulizi tu nani alifika kwanza. Linauliza kama watu hao wana uhusiano wa pekee na ardhi yao, kama wana utamaduni tofauti wanaoushikilia kwa hiari, kama wenyewe wanajitambua hivyo, na kama wamesukumwa pembeni. Kwa vipimo hivyo hutajwa Wahadzabe wa Eyasi, Wamasai na Wabarbaig. Wachagga hawatajwi kwa kawaida, kwa kuwa walipata shule, kahawa na vyeo mapema.

Jambo ambalo watu wa Arusha wengi hawalijui ni kwamba hukumu kubwa kuliko zote za Afrika kuhusu watu wa msituni ilisomwa mjini mwao. Waogiek wa Kenya wameishi msitu wa Mau vizazi na vizazi kwa asali na uwindaji. Mwaka 2009 walipewa notisi ya kuondoka ili msitu uhifadhiwe. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikalipeleka shauri kwenye Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema Kenya imekiuka haki zao, na kwamba uharibifu wa Mau haukuthibitishwa kuwa wao ndio walioufanya, hivyo uhifadhi hauwezi kuwa kisingizio cha kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000 na ardhi yao itambuliwe kwa kushauriana nao. Hata hivyo Novemba 2023 Waogiek wa Sasimwani, Narok, waliondolewa tena na nyumba zao kubomolewa. Na mahakama hiyo, kwa miaka mingi, imeketi kwenye majengo ya TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, Barabara ya Dodoma. Ninapopita pale kwenye daladala huwa natamani kila mwanafunzi wa uhifadhi aisome hukumu ile.

Mtanzania anayedhani ana shauri kama hilo ajue kwamba mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja mahakamani hapo. Njia iliyobaki ni ndefu zaidi, kupitia Tume.

Upande wa Arusha hadithi ni nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianza mwaka 1960 kama hifadhi ya kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 mlima Meru ukaongezwa. Ukiingia kwa geti la Ngongongare na kutokea Momella, barabara inakupeleka Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 Wameru takriban 3,000 waliondolewa huko kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa. Hawakuondolewa kwa ajili ya wanyama, walipisha walowezi waliotaka ranchi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Hakushinda kura, lakini Tanganyika nzima ilisikia. Mgeni akielezwa hilo, ataelewa kwa nini neno "mpaka" likitamkwa kwenye mkutano wa kijiji cha Meru wazee hunyamaza kwanza.

Kwa anayetaka kwenda, haya yatamsaidia. Viingilio vya raia ni vidogo sana ukilinganisha na vya wageni wa nje, beba kitambulisho. Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo, usitegemee noti mfukoni. Marangu unaweza kupanda hadi Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyohiyo ukianza asubuhi, na njia yote hiyo ni msitu. Hifadhi ya Arusha hutembei kwa miguu bila askari mwenye silaha, kwa sababu ya nyati, na simba hamna humo. Mwenye muda mchache aende msitu wa Rau, palepale Moshi mjini, chini ya Wakala wa Misitu. Mbega wapo na mivule ipo.

Ila usiishie getini. Maporomoko ya Materuni na ya Kinukamori yako vijijini, na unacholipa pale hukusanywa na wenyeji. Mchukue kijana wa kijiji akupitishe kwenye vihamba, akuonyeshe mfongo, akueleze nusu maili inaanzia wapi. Ukimkuta mama na mzigo, msalimie kabla ya kutoa simu, na usimpige picha akiwa amebeba. Hayuko pale kwa ajili ya mandhari. Upande wa Rombo na West Kilimanjaro, ambako tembo hushuka mashambani, uliza watu wanapata nini mahindi yakiliwa. Utafundishwa maneno mawili ya sheria, kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia.

Jioni tulipokuwa tunateremka tulimkuta yule bibi nje kwake, karibu na barabara, anamkatia ng'ombe migomba kwa panga. Alitukaribisha. Mtoto, ambaye swali halikuwa limemtoka, akamwuliza kama majani ya asubuhi aliyatoa msituni. Bibi akacheka. Aliyakata kando ya mfongo, alisema, na mengine kwenye shamba la jirani aliyemruhusu. Mabua hununua kutoka tambarare yanapokuja kwa pikapu. Msituni hajaingia siku nyingi, na magoti hayaruhusu tena. Mkamwana wake ndiye huenda, siku zikiruhusiwa. Tulinunua lita mbili za maziwa, tukawahi gari la Himo.